Bawaba: Kutoka Mlangoni hadi Simu ya Kukunja

Utangulizi

Wanaoshughulika na uundaji wa istilahi wana mazoea ya kuanza na vitu vikubwa. Kompyuta ilipoingia nchini, mjadala ulikuwa juu ya jina la kompyuta yenyewe: iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Simu ya mkononi ilipoenea, mjadala ukawa juu ya jina la simu. Sehemu ndogo ndogo za ndani zikaachwa zijitafutie majina mezani kwa fundi. Katika makala haya tumekusudia kushika njia ya pili, yaani kuanza na sehemu ndogo. Sehemu hiyo ni bawaba, kiungo kinachowezesha kompyuta ya mpakato kufunuliwa na simu ya kisasa kukunjwa.

Huenda msomaji akauliza: bawaba ina haja gani ya kujadiliwa, ilhali neno lipo na kila mtu analijua? Jibu letu ni kwamba neno lipo, lakini kitu kilichomo ndani ya vyombo hivi si kile tulichokizoea mlangoni. Jina moja likibeba vitu viwili vyenye tabia zinazopingana, anayepata hasara ni fundi, na baada yake mwenye chombo. Tutaeleza kwanza jinsi bawaba hizi zinavyofanya kazi, kisha tutapendekeza istilahi chache na kutoa sababu zake.

Bawaba ya mlango

Neno bawaba limetokana na Kiarabu, na ni la ukoo mmoja na neno lenye maana ya mlango katika lugha hiyo. Katika baadhi ya sehemu za pwani hutumika pia neno pata. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba milango ya kale ya miji yetu ya pwani haikuning'inizwa kwa bawaba za chuma. Ubao wa mlango ulichongwa ukawa na ncha juu na chini, na ncha hizo zikaingia katika matundu yaliyotobolewa kwenye vizingiti. Mlango ukazunguka juu ya ncha zake wenyewe. Baadaye ndipo zilipoenea bawaba za mabamba mawili yaliyounganishwa kwa pini, bamba moja likapigiliwa kwenye mwimo na la pili kwenye ubao.

Njia zote mbili zina sharti moja: mlango uzunguke kwa wepesi. Uzito wa mlango hubebwa na ncha au pini, na mlango hauna haja ya kushikwa na bawaba ili usimame pale ulipoachwa. Kwa hiyo msuguano ni adui wa bawaba ya mlango. Ikilia, hutiwa mafuta, ikikaza, hulegezwa. Hiyo ndiyo elimu ya bawaba ambayo kila mmoja wetu alikua nayo nyumbani.

Bawaba inayoshika

Sasa tuitazame kompyuta ya mpakato. Umbo lake la vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine, lilianza kujulikana mwaka 1982 kwa kompyuta iitwayo GRiD Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge. Kabla ya hapo kompyuta zilizoitwa za kubeba zilikuwa kama sanduku la safari. Moggridge aliweka skrini katika kifuniko na vibonye katika kitako, akaviunganisha kwa bawaba, na tangu hapo umbo hilo halijaachwa.

Bawaba ya chombo hiki ina kazi ambayo ya mlango haina: lazima iishike skrini pembe yoyote atakayoitaka mtumiaji, bila ndoano wala mkono wa kuisaidia. Kazi hiyo hufanywa na msuguano. Ndani yake mna mhimili wa chuma uliobanwa na mabati ya springi, au uliozungukwa na mkanda wa chuma uliokaza. Mhimili ukizungushwa, nyuso za chuma husuguana, na msuguano huo ndio unaozuia skrini isianguke.

Kiasi cha msuguano hakikadiriwi kwa macho. Tuchukue mfano wa skrini yenye uzito wa kilo 0.5, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 11 kutoka kwenye bawaba. Skrini hiyo ikilazwa sambamba na meza, kani ya kuzungusha inayoivuta chini ni 0.5 mara 9.8 mara 0.11, yaani nyutonimita 0.54 hivi. Bawaba zikitoa pungufu ya hapo, skrini itaanguka. Tuseme tena kwamba kitako kina uzito wa kilo 1, na kitovu cha uzito wake kiko umbali huo huo. Kani inayokibakiza kitako mezani ni nyutonimita 1.08. Bawaba zikizidi kiasi hicho, mtu akiinua skrini kwa kidole kimoja, kitako nacho kitainuka pamoja nayo, na itambidi atumie mikono miwili. Msanifu basi amewekewa mipaka miwili, 0.54 upande wa chini na 1.08 upande wa juu, na hana budi kuchagua kati yake. Akichagua 0.7, kila bawaba kati ya mbili itabeba 0.35. Tena hana budi kukumbuka kwamba chuma husagika, na kwamba bawaba itakuwa dhaifu zaidi baada ya miaka mitatu kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Hapa ndipo jina linapoanza kuleta madhara. Kijana anayejifunza ufundi anaambiwa, "Bawaba imekaza." Naye, kwa elimu ya nyumbani, anatafuta chupa ya mafuta mepesi. Mafuta hayo yakipenya kati ya nyuso zilizokusudiwa kusuguana, bawaba itapoteza kani yake, na skrini haitasimama tena. Mwenzake anakosea kwa upande wa pili: anaikuta bawaba imekauka grisi na kukaza kupita kiasi, anaiacha hivyo kwa kuwa "bado inashika", na kila skrini inapofunuliwa, kani isiyo ya kawaida inakwenda kwenye skrubu zilizofungwa katika plastiki. Plastiki hupasuka kabla ya chuma. Wengi wetu tumeziona kompyuta ambazo kona zake zimefumuka namna hiyo, na mwenyewe akaambiwa kwamba bawaba imekatika, ilhali bawaba ni nzima na kilichokatika ni pale iliposhikizwa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza neno bawaba libaki kuwa jina la jumla, kisha litofautishwe. Ile inayozunguka kwa wepesi iitwe bawaba huru, na ile inayoshika kwa msuguano iitwe bawaba ya msuguano. Wapo waliopendekeza bawaba kaza kwa ajili ya hii ya pili. Hatuoni kwamba jina hilo linafaa, kwa sababu kukaza kunaweza kuwa ubovu vilevile, na istilahi nzuri haichanganyi tabia ya kitu na ugonjwa wake.

Kufunua na kukunjua

Lugha yetu ina hazina ya vitenzi vilivyo viwili viwili, kimoja kikifanya jambo na cha pili kikilitengua: funga na fungua, funika na funua, kunja na kunjua. Hazina hii inafaa kutumiwa kwa uangalifu, maana inaeleza jambo ambalo katika lugha nyingine hulazimu kuelezwa kwa sentensi nzima.

Mwaka 1996 kampuni ya Motorola ilitoa simu iitwayo StarTAC, iliyokuwa na vipande viwili vigumu vyenye bawaba katikati. Simu za namna hiyo zilipotufikia, ziliitwa na watu simu za kukunja. Zamani hizo hapakuwa na ubaya, kwa kuwa hapakuwa na simu nyingine ya kushindana nazo kwa jina. Lakini tangu mwaka 2018 na 2019 zimetokea simu ambazo skrini yenyewe hupinda katikati, kama ukurasa wa kitabu. Katika simu ya kwanza hakuna kinachokunjwa. Kifuniko kinafunuliwa tu. Katika simu ya pili kinachokunjwa ni skrini, na ndicho chepesi kuharibika kuliko vyote.

Hali ni kama ya sanduku na mkeka. Sanduku hufunikwa na kufunuliwa; mkeka hukunjwa na kukunjuliwa. Hakuna asemaye amelikunja sanduku. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba chombo chenye vipande viwili vigumu kiitwe chombo cha kufunua, na chombo ambacho skrini yake hupinda kiitwe chombo cha kukunja. Kompyuta ya mpakato basi ni ya kufunua. Fundi akisikia "simu ya kukunja" atajua mara moja kwamba mkononi mwake mna skrini inayopinda, na atatahadhari.

Umbo la kwanza limefananishwa na wageni na makombe ya chaza, na mfano huo si mbaya kwa watu wa pwani. Tunautaja kwa ajili ya somo moja. Makombe ya chaza yameunganishwa kwa kano inayoyasukuma yafunuke, na chaza huyafunga kwa nguvu ya msuli wake. Chaza akifa, msuli hulegea na makombe hufunuka yenyewe. Simu nyingi za kufunua zilikuwa na springi inayofanya kazi iliyo karibu na hiyo: ukianza kuifunua kwa kidole, springi huimalizia safari.

Bawaba ya skrini inayopinda

Tukifika kwenye simu ya kukunja, tunakutana na tatizo lisilo la mlango wala la kompyuta. Chukua karatasi nene uikunje: upande wa nje wa mkunjo huvutika, na upande wa ndani hubanwa. Katikati ya unene wake mna tabaka ambalo halivutwi wala halibanwi. Sisi tunaliita tabaka tulivu. Kadiri kitu kilivyo kinene, ndivyo upande wake wa nje ulivyo mbali na tabaka tulivu na ndivyo unavyovutika zaidi.

Mvutiko huo hukadiriwa kwa kugawanya unene wa kitu kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mkunjo. Kioo chenye unene wa milimita 0.03 kikipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 1.5, mvutiko ni 1 kwa 100, na kioo kilichotengenezwa kwa ustadi huweza kuuvumilia. Kioo cha milimita 0.6 kikipindwa vivyo hivyo, hesabu inatoa 20 kwa 100, jambo ambalo hakuna kioo kiwezacho kulistahimili. Ndiyo maana skrini ya kukunja hufanywa kwa matabaka membamba sana, ya plastiki au ya kioo, na wasanifu hujitahidi kuyaweka yale matabaka dhaifu zaidi karibu na tabaka tulivu.

Bawaba ya simu hiyo haiwezi kuwa na mhimili mmoja. Vipande viwili vikizunguka pini moja, skrini iliyo ndani ya mkunjo itafinywa mpaka ivunjike. Kwa hiyo huwekwa mihimili miwili iliyo sambamba, na magurudumu ya meno kati yake, ili kipande kimoja kikizunguka nyuzi 10, cha pili nacho kizunguke nyuzi 10. Katika miundo mingine mabamba yaliyo chini ya skrini hujivuta pembeni simu inapofungwa, na kuiachia skrini nafasi ya kujipinda kwa umbo la tone la maji. Mkunjo wa umbo hilo una nusu kipenyo kikubwa zaidi, na vipande viwili vya simu hukutana bila kuacha upenyo. Bawaba ya mihimili miwili tunapendekeza iitwe bawaba pacha, kwa kuwa pacha hao hawatembei ila kwa pamoja.

Kuna sehemu nyingine inayofanya simu isimame katika pembe fulani, au ijivute yenyewe ikikaribia kufungika. Hicho ni kipande cha chuma chenye vilima na mabonde, kinachosukumwa na springi dhidi ya mwenzake. Kilima kikipanda juu ya kilima, simu husita. Kikiteremka bondeni, simu hutulia. Mafundi wa magari wana neno kamshafti, na hatuoni sababu ya kuliacha kamu wakati tayari limo vinywani mwao. Lile bonde ambamo simu hutulia tunapendekeza liitwe kituo, kama vile basi linavyosita kituoni kabla ya kuendelea na safari.

Umeme nao hauna budi kupita kutoka kipande kimoja kwenda cha pili. Nyaya za kawaida zikikunjwa mahali pamoja mara nyingi hukatika, hivyo hutumika utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba, ambao mafundi wa simu huuita fleksi. Katika kompyuta ya mpakato utepe au nyaya hizo aghalabu huzungushwa kufuata mhimili, ili zijisokote kidogo kidogo kwa urefu wake wote badala ya kuvunjika mahali pamoja. Jina la utepe wa saketi linaeleza umbo na kazi kwa pamoja.

Somo la mwaka 2019

Mwezi Aprili 2019 kampuni ya Samsung ilikuwa tayari kuuza simu yake ya kwanza ya kukunja, Galaxy Fold. Kampuni ilisema kwamba simu hiyo ingevumilia kukunjwa mara 200,000. Mtu akiikunja na kuikunjua mara 100 kwa siku, idadi hiyo inatosha kwa zaidi ya miaka mitano. Simu chache zilipewa waandishi wazijaribu, na baada ya siku chache kadhaa zikaharibika. Kampuni iliahirisha mauzo mpaka mwezi Septemba.

Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili, na zote zina mafunzo kwetu. Ya kwanza ni kwamba kwenye ncha za bawaba palikuwa na upenyo mdogo, na chembe za uchafu ziliweza kupita hapo hadi chini ya skrini. Kampuni iliziba ncha hizo kwa vifuniko, na mwaka uliofuata, katika simu yake ya Galaxy Z Flip, ikatia nyuzi fupi kama za brashi ndani ya bawaba ili kuzuia vumbi. Kwa sisi tunaoishi na vumbi la kiangazi na mchanga wa pwani, habari hiyo si ya mbali.

Sababu ya pili yatuhusu zaidi sisi wa istilahi. Baadhi ya waliojaribu simu waliona juu ya skrini tabaka la plastiki, wakadhani ni ile karatasi ya kukinga ambayo simu mpya huja nayo, wakalibandua. Tabaka hilo lilikuwa sehemu ya skrini. Walichokosea si kutumia nguvu; walikosea jina la kitu walichokishika. Kama ingekuwa kwetu, tungelikuwa na neno gani la kuwaonya? Tunasema "protekta" kwa kitu kinachobandikwa na kubanduliwa, na tunasema "kioo" kwa skrini nzima. Hatuna neno la tabaka la juu lisilobanduliwa. Tunapendekeza liitwe utando wa skrini, kwa kuwa utando, kama wa jicho, ni sehemu ya kiungo chenyewe, na hakuna aliye na akili timamu atakayejaribu kuubandua.

Tunaongeza kwamba neno kioo, ingawa limeenea sana madukani, lina udhaifu. Skrini nyingine za kukunja zina kioo ndani yake na nyingine hazina. Skrini au kiwambo ni jina salama zaidi kwa chombo kizima, na kioo libaki kwa kioo.

Limebaki jambo la ule mstari unaoonekana katikati ya skrini baada ya kukunjwa mara nyingi. Wengine huuita mkunjo. Lakini mkunjo ni mahali panapokunjwa, na upo hata siku ya kwanza. Alama inayobaki ni kitu kingine. Lugha ina neno kunyanzi, linalojulikana na kila anayekitazama kioo asubuhi, na tofauti yake na mkunjo ni dhahiri: mkunjo ni kazi, kunyanzi ni athari yake.

Istilahi zinazopendekezwa

Bawaba: kiungo kinachowezesha vipande viwili vya chombo kuzungukiana bila kuachana.
Bawaba huru: bawaba inayozunguka kwa wepesi, kama ya mlango.
Bawaba ya msuguano: bawaba inayokishika kipande mahali kilipoachwa. Isitiwe mafuta mepesi.
Bawaba pacha: bawaba ya mihimili miwili inayozunguka kwa kiasi kimoja.
Chombo cha kufunua: chombo cha vipande viwili vigumu, kimoja kikiwa kifuniko.
Chombo cha kukunja: chombo ambacho skrini yake yenyewe hupinda.
Kamu: kipande chenye vilima na mabonde kinachoongoza mwendo wa bawaba.
Kituo: pembe ambamo bawaba hutulia kwa sababu ya kamu.
Kunyanzi: alama inayobaki juu ya skrini baada ya kukunjwa mara nyingi.
Mkunjo: mahali ambapo skrini hupinda.
Tabaka tulivu: tabaka lisilovutwa wala kubanwa katika kitu kinachopindwa.
Utando wa skrini: tabaka la juu la skrini lisiloweza kubanduliwa bila kuiharibu.
Utepe wa saketi: ukanda mwembamba unaopitisha umeme kati ya vipande viwili.

Hitimisho

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii ni maneno machache tu tuliyokopa, na machache zaidi tuliyoyabuni. Mengi yalikuwa yamekaa majumbani mwetu, mlangoni, mkekani na usoni, yakingoja kupewa kazi. Hatudai kwamba yote yatakubalika. Istilahi haithibitishwi na makala, bali huthibitishwa pale fundi anapomtuma mwanafunzi wake alete kitu, na mwanafunzi akaleta kile kile. Kwa hiyo tunawaomba mafundi wa kompyuta na simu, pamoja na walimu wa vyuo vya ufundi, wayapime maneno haya kazini na kutuletea maoni yao. Likiwapo jina ambalo tayari linatumika mezani kwao na linashinda letu kwa uwazi, tutalipokea kwa furaha na kulifuta la kwetu.